Zile dola 300 za kila tarehe 15

Juzi wikiendi nimebishana na shemeji yangu kwenye simu karibu saa nzima, yeye anaendesha lori huko Texas mi niko hapa Columbus, Ohio. Kilichotuanzisha ni ile sheria kubwa aliyosaini Trump tarehe 4 Julai 2025, ambayo ndani yake wameongeza nafuu ya kodi ya mtoto, yaani kile mzazi anachopunguziwa kodi au kurudishiwa kwa kila mtoto kwa mwaka, kutoka dola 2,000 mpaka 2,200. Shemeji akasema unaona sasa, kila siku mnasema Warepublikan hawajali watoto, haya hizo mia mbili ni za nani? Nikamwambia hilo ndo swali lenyewe shemeji, hebu tupige hesabu tuone zinamfikia mtoto gani.

Aliyekuwa Marekani na watoto mwaka 2021 anakumbuka nafuu hii hii ilipoongezwa kwa muda wakati wa Biden. Kuanzia Julai mpaka Desemba, katikati ya mwezi, pesa inaingia yenyewe kwenye akaunti, dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka 6 na 250 kwa wa miaka 6 mpaka 17. Hiyo ilikuwa nusu, nusu nyingine ukaipata ulipojaza kodi mwaka uliofuata, jumla 3,600 au 3,000 kwa mtoto. Nyumbani kwangu walikuwa wawili kwahiyo nilikuwa napata 550 kwa mwezi. Wakati huo nilikuwa nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na hakuna deikea inayofunguliwa usiku, yupo mama mmoja jirani alikuwa anakuja kulala na wanangu na mimi namlipa. Zile 550 ndo zilikuwa zinamlipa yeye. Yaani hazikunifanya niache kazi, zilifanya niweze kwenda kazini, na ziliposimama Januari 2022 nilipunguza siku kwa sababu sikuwa na wa kumwachia watoto. Najua hii ni nyumba moja tu na nyumba moja haithibitishi kitu kwa nchi nzima, ila naisema kwa sababu kila nikisikia mtu anasema pesa ile ilifundisha watu uvivu nakumbuka mlango wangu saa nne usiku, mama yule anaingia na mimi natoka na yunifomu.

Sasa kuna namba moja ambayo mi siwezi kuiacha. Ofisi ya sensa ya Marekani ina vipimo viwili vya umaskini. Kwa kile cha pili, kinachohesabu pia nafuu za kodi na msaada wa chakula na kutoa gharama kama matibabu, watoto maskini walikuwa asilimia 9.7 mwaka 2020, wakashuka mpaka 5.2 mwaka 2021, hiyo ndo chini kabisa kuwahi kurekodiwa kwa kipimo hicho. Mwaka 2022 wakapanda mpaka 12.4. Ndani ya mwaka mmoja imezidi mara mbili! Kwa idadi ya vichwa ni kutoka kama milioni 3.8 mpaka karibu milioni 9, watoto zaidi ya milioni 5 wamerudi chini ya mstari wa umaskini, na hakukuwa na vita wala njaa wala viwanda kufungwa, ajira mwaka 2022 zilikuwa nyingi mpaka makampuni yanagombania watu. Kilichobadilika zaidi ni kwamba serikali iliacha kutuma pesa. Mwaka 2023 ikafika 13.7.

Shemeji akanijibu kwamba kile kipimo cha zamani, rasmi, hakionyeshi kitu hicho, na kweli hakionyeshi, watoto maskini ni asilimia 15.3 mwaka 2021 na 15.0 mwaka 2022, kama vile hakuna lililotokea. Lakini kipimo kile ni cha miaka ya 60, kilitengenezwa kwa kuchukua bei ya chakula cha familia ukazidisha mara tatu, na kinahesabu kipato kabla ya kodi tu. Ukinipa dola 3,600 kupitia kodi kipimo kile hakizioni kabisa. Ni sawa na kumpima mtu homa kwa mizani halafu unasema hajaumwa.

Ila niwe mkweli, sio mshuko wote ulikuwa wa pesa ya watoto. Mwezi Machi 2021 kulikuwa na ile stimulasi, pesa ya serikali ya wakati wa korona, dola 1,400 kwa mtu, na msaada wa chakula ulikuwa umeongezwa kwa ajili ya korona. Wanaoupenda huu mpango kama mimi mara nyingi tunasahau kusema hilo.

Na upande wa pili una hoja ambazo sio za chuki. Hoja ya kwanza ni kazi. Mwaka 1996 Clinton, Mdemokrati, ndo alisaini sheria iliyofuta msaada wa zamani wa familia na kuufunga na masharti ya kufanya kazi, na kuna watu wengi wanaamini ile iliwatoa akina mama kwenye utegemezi. Wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago walikadiria mwaka 2021 kwamba mpango ukiwa wa kudumu wazazi kama milioni 1.5 wangeacha kazi, maana nafuu ya zamani ilikuwa inakua kadiri unavyofanya kazi na hii mpya unaipata tu. Watafiti wengine, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakaangalia kilichotokea kweli ile miezi sita na hawakuona watu kuacha kazi kwa kiwango cha maana. Wakosoaji wanasema miezi sita haitoshi, nani anaacha kazi kwa pesa anayojua inaisha Desemba? Hilo nalikubali, miezi sita ni kidogo. Lakini basi tuseme hatujui, tusiseme imethibitika watu watalala tu.

Hoja ya pili ni mfumuko wa bei, na hii ilimgusa shemeji kweli maana dizeli ndo maisha yake. Juni 2022 ulifika asilimia 9.1. Hata Larry Summers, mchumi wa Kidemokrati, alionya mapema 2021 kwamba kifurushi cha Biden cha dola trilioni 1.9 ni kikubwa mno, na naona alikuwa na sehemu ya ukweli. Ila pesa ya watoto ilikuwa kama bilioni 15 kwa mwezi, kipande ndani ya kifurushi hicho, na bei zilifika kileleni miezi sita baada ya yenyewe kusimama. Kuibebesha lawama yote sio haki.

Sasa nirudi kwenye hesabu niliyompigia shemeji. Chukua mama mwenye watoto wawili, amepata dola 12,000 kwa mwaka kwa vibarua vya masaa machache. Kwa sheria ya sasa anarudishiwa asilimia 15 ya kile kinachozidi dola 2,500 za kwanza, yaani 1,425 kwa watoto wote wawili. Mume na mke wanaoingiza 300,000 wenye watoto wawili wanapata 4,400 kamili, na wangeendelea kuipata yote mpaka kipato kifike 400,000. Hizo mia mbili alizoongeza Trump zimeenda kwa hao wa laki tatu, huyu mama wa elfu kumi na mbili hajaongezewa hata senti, wakati mwaka 2021 yeye angepata dola 6,000 kama watoto wanasoma shule ya msingi. Ndiyo kuna nafuu nyingine ya wafanyakazi wa kipato cha chini inayomsaidia, siifichi, lakini tunaongelea kitu kinachoitwa nafuu ya MTOTO, na mtoto wa yule mama anapata kidogo kuliko wa hao matajiri. Shemeji alinyamaza kidogo hapo.

Halafu kuna bibi. Hili ndo linaniuma kuliko yote. Aliyezuia mpango usiendelee ni Joe Manchin, wakati huo seneta wa Kidemokrati wa West Virginia, Seneti ilikuwa 50 kwa 50 na tarehe 19 Desemba 2021 akatangaza kwenye televisheni hapigi kura ya ndiyo. Alikuwa anataka sharti la kazi. West Virginia ni jirani zetu hapa Ohio, na dawa za kulevya zimeumaliza mkoa mzima huu, mabibi na mababu wengi wanalea wajukuu kwa sababu watoto wao wamekufa au wako jela au bado wanazitumia. Bibi wa miaka 68 anayeishi kwa pensheni hana mshahara, ukiweka sharti la kazi hapati kitu, mjukuu naye hapati. Sasa huyu bibi tunamwambia afanye kazi gani? Anaamka usiku, anampeleka mtoto shule, anakaa naye hospitali. Mi nalipwa kwa kuwahudumia wazee na sheria inaita ile kazi, yeye anamlea mtoto yatima na sheria inasema hajafanya kazi.

Na sio kwamba Warepublikan wote hawaoni. Mitt Romney mwenyewe, wakati huo seneta wa chama chao, Februari 2021 alipendekeza dola 350 kwa mwezi kwa mtoto mdogo. Januari 2024 Bunge la Wawakilishi lilipitisha muswada wa pamoja wa kuwaongezea hasa familia za chini kwa kura 357 kwa 70, vyama vyote viwili, ukafika Seneti ukakwama Agosti, 48 kwa 44, wakati zinahitajika 60. Badala yake tukapata hizo mia mbili, na sharti jipya kwamba angalau mzazi mmoja naye lazima awe na namba ya Social Security, ile namba ya hifadhi ya jamii, mwanzoni ilikuwa mtoto tu. Mtoto kazaliwa hapa hapa, raia kabisa, anakosa kwa sababu ya karatasi za baba na mama.

Swali la mwisho la shemeji lilikuwa gumu: yeye hana mtoto, analala kwenye lori siku tano kwa wiki, kwanini alipie watoto wa wengine? Na gharama ni zaidi ya bilioni 100 kwa mwaka, sio hela ndogo. Nilimwambia wewe ndo una haki ya kuuliza, na Manchin kuna kitu kimoja alichosema nakubaliana nacho, kikomo cha kipato kishushwe. Hao wa laki tatu watolewe, mimi nikizidi kiwango nitolewe, pesa ipungue. Ila kwa huyu mama wa elfu kumi na mbili na yule bibi iingie kila mwezi, bila sharti. Akasema la kikomo analikubali, la sharti bado anafikiria, atanipigia akifika Amarillo.