Mama yangu amesoma kitabu kwa masikio

Mwezi uliopita, katika mkutano wa wasomaji ninaohudhuria hapa Liège, Ubelgiji, tulibishana karibu saa nzima kama mtu aliyesikiliza kitabu kwenye simu ana haki ya kusema amekisoma. Tulikuwa watu tisa kwenye meza ya maktaba ya mtaa. Mwalimu mmoja mstaafu alishikilia kwamba kusoma ni kazi ya macho, na kwamba sikio linapokea tu bila kutoka jasho. Kijana anayeendesha lori usiku akamjibu kwamba mwaka jana alimaliza riwaya 40 barabarani, na hakuna atakayemnyang'anya hata moja. Wengine wakagawanyika, sauti zikapanda, hadi mwenye funguo akaja kutuambia muda umekwisha. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa na neno, lakini neno lenyewe lilitaka Kiswahili ili lisimame, basi naliweka hapa.

Kwa lugha yetu, swali lile haliulizwi kirahisi. Padri anasoma misa na kanisa zima linasikia. Watu wa pwani wanasoma maulidi, nayo husomwa kwa sauti, tena kwa kupokezana. Ukimuuliza jirani wa Lubumbashi, mji wetu kule Kongo, mtoto wake mkubwa yuko wapi, atakujibu "anasoma Kolwezi", hata kama wakati ule mtoto yuko uwanjani anacheza mpira. Kusoma kwetu kuna sauti ndani yake, na kuna watu wengine ndani yake. Macho ni mlango mmoja tu wa kuingilia.

Ila neno hilohilo limetudhuru pia, nami sitaki kulipamba. Kwa kuwa kusoma ni shule, mtu mzima akionekana Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, na kitabu mkononi anaulizwa, "Uko na mtihani?" Nimeulizwa mimi mwenyewe, nikiwa na miaka 26 na kazi yangu, nimekaa mlangoni na riwaya. Swali lilitoka kwa upendo, lakini liliniuma, maana lilikuwa linasema kwamba siku unayopokea diploma ndiyo siku ya kufunga vitabu sandukuni. Hata chuo kikuu, wengi wetu tulisoma silabusi: kurasa za mwalimu wa somo, zimepigwa chapa, tunazinunua kila somo linapoanza, na asiye na pesa anaziomba kwa mwenzake kwa usiku mmoja. Kitabu kizima, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kuna waliomaliza miaka mitano bila kukigusa. Si uvivu. Vitabu havikuwepo.

Nilikulia katika lopango, yaani uwanja mmoja wenye nyumba tatu na bomba moja la maji. Mwenye kitabu alikuwa yaya wangu, kaka yangu mkubwa, na kitabu chenyewe alikinunua mjini kwa muuzaji anayepanga mali yake chini, juu ya turubai. Kilikuwa riwaya ya Kifaransa iliyong'oka kurasa za mwanzo. Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika sana, yaya aliwasha mshumaa akaanza kusoma: sentensi kwa Kifaransa, kisha palepale kwa Kiswahili, huku mama akisonga bukari, ugali wetu, juu ya makala, yaani makaa. Hakuna aliyesikiliza kimya. Mama aliuliza kwa nini yule mwanamke wa kwenye hadithi hakurudi kwa ndugu zake. Mke wa jirani akasema angerudi vipi wakati mahari ilikuwa imeshaliwa. Yaya akaeleza kwamba huko Ufaransa mambo ya mahari si kama kwetu, akazomewa, akaendelea. Riwaya ile ilichukua mwezi mzima. Na kwa kuwa mwanzo wake ulikuwa umepotea, kila mtu alitoa mwanzo wake mwenyewe, tukabishana ule wa nani unafaa. Mpaka leo sijatafuta nakala nzima, ingawa hapa ningeipata kwa siku moja.

Hapa Ubelgiji vitabu vinakaa hata njiani. Kwenye kona za barabara na bustanini kuna visanduku vyenye mlango wa kioo, vimejaa vitabu: unachukua, unaacha, hakuna anayekuuliza. Mara ya kwanza nilipokiona kimoja nilisimama pale muda mrefu nikimtafuta mwenyewe ili nimlipe. Jumapili nikishuka soko la La Batte, kando ya mto Meuse, narudi na vitabu viwili vitatu kwa bei ya kahawa. Nimesoma hapa kuliko miaka yangu yote ya nyuma, nashukuru, na sitakubali mtu aniambie kwamba umaskini wa vitabu una uzuri wake. Hauna. Riwaya mpya ambayo hapa ni kama euro 20, nami naikopa maktabani, ikifika Lubumbashi imeshapanda ndege na kupita forodha, na hapo inashindana na gunia la unga wa mahindi. Unga utashinda, na ni haki ushinde. Liège na Lubumbashi ni miji iliyofunga udugu rasmi tangu zamani. Kila nikipita mbele ya visanduku vile nawaza udugu huo ungeonekanaje kama vingekuwepo pia kwenye mitaa ya Lubumbashi: Kenya, Kamalondo na Ruashi.

Lakini hapa nimeona kitu kingine, hesabu. Mwezi wa kwanza wa kila mwaka wasomaji wanajiwekea idadi: vitabu 30, vitabu 52, wengine 100. Goodreads, tovuti ya wasomaji, inakuhesabia na kukuonyesha umebaki nyuma kwa vingapi. Mwaka mmoja nilijiandikia 40. Ilipofika mwezi wa kumi na moja nikajikuta maktabani nachagua kitabu kwa kupima unene wake kwa vidole, nikakirudisha rafuni, nikafuta hesabu yote. Nilikuwa nimemaliza 31. Katika hivyo 31, sikuwa nimezungumza na mtu yeyote kuhusu angalau 25. Viliingia kwangu vikaishia kwangu. Kitabu cha yaya, kisicho na mwanzo, kilipita kwa watu kumi na moja, na mpaka leo nikimpigia mke wa jirani yule tunakitaja. Mimi nataka tugeuze hesabu: tusiulize mtu amesoma vitabu vingapi, tuulize kitabu kimesomwa na wangapi kwa pamoja, na kiligombanisha nani.

Mabishano mengine ya wasomaji hayanishiki sana. Kukunja kona za kurasa, kuandika pembeni kwa kalamu, karatasi au skrini: kila mtu na mkono wake. Kuazimisha, hapo ndipo sisi wa nyumbani tuna deni. Kwetu kitabu kilichoazimwa hakirudi, na anayekidai anaonekana mchoyo. Yaya alipoteza vitabu vitatu kwa njia hiyo, akaacha kuazimisha, na tangu hapo vitabu vyake vimefungiwa kabatini. Watu watatu waliokaa kimya na vitabu vya mwenzao walifunga maktaba pekee ya mtaa wetu. Nalisema kwa uchungu kwa sababu mmoja wao ni ndugu wa damu.

Turudi kwenye sauti. Miaka miwili iliyopita tulisoma kwenye mkutano wetu *Tram 83*, riwaya ya mwaka 2014 ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi anayeishi Graz, Austria. Wengi hawakuipenda. Walisema kuna kelele nyingi, na kwamba maneno yaleyale yanarudi-rudi mpaka yanachosha. Niliomba ruhusa nisome ukurasa mmoja kwa sauti. Nilisoma kama wanavyoongea vijana wanaongoja taksibasi jioni, mmoja anaanza sentensi na mwingine anaimaliza. Nilipofika mwisho, yule mwalimu mstaafu, yeye mwenyewe, alisema, "Soma tena." Mwandishi huyo anajulikana kwa kusoma maandishi yake jukwaani pamoja na wanamuziki, na mtu aliyekulia kwetu anaelewa sababu. Kwenye karatasi marudio ni marudio tu. Mdomoni yanakuwa kiitikio, na kiitikio kinamtaka wa kukiitikia.

Na kuna andiko ambalo ningelipenda sana kulipeleka kwenye meza ile. Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla mji wetu haujaacha jina la Elisabethville, mtu aitwaye André Yav aliandika historia ya mji kwa niaba ya wazee waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu, maboyi na wapishi. Andiko lina jina la Kifaransa, *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, lakini ndani ni Kiswahili, tena kile cha kwetu cha kila siku, si kile tunachokiita Kiswahili bora cha kanisani na shuleni. Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyewahi kufundisha Lubumbashi, alilichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Maneno yameunganishwa pale usipotegemea na kukatwa pale usipotegemea, na macho yanapotafuta nukta hayaioni. Fabian alifanya nini? Alimwomba Kalundi Mango, mwenye lugha, alisome lile andiko kwa sauti. Sauti ilipopita, maana ikafunguka. Huyu ni profesa mwenye macho mazuri na miaka mingi ya kazi, na bado kitabu kilimtaka sikio.

Mama yangu sasa ana mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Hata zamani alisoma kwa shida, darasa la nne ndipo alipoachia. Mwaka huu nilianza kumsomea andiko la Yav, ambalo linapatikana bure kwenye intaneti, kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika saba au nane kila Jumapili. Si zaidi, kwa sababu ya megabaiti, na kwa sababu simu inachajiwa kwa jirani umeme ukikosekana. Nilidhani nitamliwaza mama mgonjwa. Jibu la kwanza lililonifikia lilikuwa ugomvi.

"Haina vile," mama alisema. "Baba yangu alikuwa boyi, miye mwenyewe nilionaka. Rudilia pale pa kazi ya nyumba."

Nikarudilia. Jumapili iliyofuata ujumbe wake ulikuwa na sauti nne. Jirani mmoja, mzee aliyekuwa dereva, alikuwa amekuja na kiti chake, na alikuwa anamtetea Yav dhidi ya mama. Mama akaleta habari za posho: siku gani baba yake aliipokea, unga kiasi gani, samaki kiasi gani, nani alipunjwa. Mambo haya hajawahi kunisimulia katika miaka yangu yote. Nilikuwa nimemuuliza mara nyingi, "Mama, tuambie ya zamani," naye alikuwa anajibu hakuna cha kusema. Kumbe alihitaji mtu wa kumkosoa, na mtu huyo alikuwa ameandika maneno yake mwaka 1965 bila kumjua. Sasa jumbe zake zinanifikia dakika kumi na tano, ishirini, nami naziandika kwenye daftari neno kwa neno, kwa Kiswahili kilekile alichosema, bila kusahihisha.

Yaya halipendi hilo la kutosahihisha. Aliniambia kwenye simu kwamba andiko la Yav ni Kiswahili cha makosa, na kwamba ukimsomea mama vitu vile na kumwandika vilevile unamwaibisha. Nampenda yaya, yeye ndiye aliyenipa kusoma, lakini hapa tumeachana njia. Tumefundishwa aibu mbili: Kifaransa chetu hakifiki Paris, Kiswahili chetu hakifiki Dar es Salaam. Basi tukanyamaza katikati, na watu wa rika la mama wanaondoka na posho yao na baba zao bila mtu kuandika. Yav na wenzake hawakungoja Kiswahili bora. Waliandika kwa kile walichokuwa nacho mdomoni, na miaka 60 baadaye mwanamke asiyeona vizuri Katuba amesimama kubishana nao. Kitabu gani cha Kiswahili bora kimemfanyia hivyo mama yangu? Yaya hakunijibu. Lakini nilisikia kwamba Jumapili iliyofuata alikuwa lopangoni na yeye, amekaa nyuma kidogo ya wengine.

Mkutano wetu wa maktaba ni Alhamisi ijayo, na yule mwalimu mstaafu ameshaniuliza kwa nini safari ile sikusema neno. Nimemwambia nitakuja na simu yangu na kipaza sauti kidogo. Hataelewa Kiswahili, lakini nataka asikie zile sauti nne zinavyokatizana juu ya ukurasa mmoja.

Jumapili hii nilikuwa tayari na sehemu nyingine, nimejifungia jikoni, dirisha limefungwa kwa ajili ya kelele za basi. Kabla sijabonyeza, ujumbe wa mama ukaingia: nisitume kwanza. Jirani amekwenda Kipushi kwenye kilio, atarudi Jumanne.