Makamu wa Rais: karibu na kiti, mbali na kura

Sisi wa Arusha tuko karibu mno na Namanga, mpakani mwa Kenya. Hatuwezi kuzungumzia nani ataingia Ikulu bila Kenya kuvutwa ndani. "Mbona Ruto aliweza kutoka Naibu Rais hadi Rais?" Swali hilo hurudi kila 2030 inapotajwa, kwa kuwa Rais Samia Suluhu Hassan hatagombea tena na macho yanaelekezwa kwa Makamu wake, Dkt. Emmanuel Nchimbi. Ni swali zuri, ila linachanganya mambo mawili: kurithi kiti na kukigombea.

Kwenye kurithi, Katiba yetu imenyooka. Kwa ibara ya 37(5), Rais akifariki Makamu anaapishwa kumalizia muda uliobaki, kisha, baada ya kushauriana na chama chake, anapendekeza Makamu mpya anayehitaji angalau nusu ya kura za wabunge wote. Machi 2021 ilikuwa hivyo hivyo: Magufuli alifariki tarehe 17, Samia akaapishwa tarehe 19, Dkt. Philip Mpango akathibitishwa na Bunge tarehe 30. Hapakuwa na kipindi cha kukaimu kama alichopitia Moi wa Kenya mwaka 1978.

Kinachowachanganya wengi ni hesabu ya mihula. Ibara ya 40(4) imeweka mpaka kwenye miaka mitatu. Makamu aliyerithi miaka mitatu au zaidi anagombea mara moja tu; aliyerithi pungufu ya hapo anagombea mara mbili. Muhula wa pili wa Magufuli ulianza Novemba 5, 2020, kwa hiyo Samia alirithi zaidi ya miaka minne na nusu, akabakiwa na uchaguzi mmoja, ule wa 2025. Makamu atakayerithi ikiwa imebaki miaka miwili na miezi 11 anaweza kukaa Ikulu karibu miaka 13. Hilo ni pengo kubwa, na Katiba mpya ikija lizibwe.

Kugombea ni habari nyingine. Wanaomtetea Makamu husema, na wana haki, kwamba anayajua mafaili, amefuatilia mambo ya Muungano siku kwa siku, na serikali haiyumbi mkono ukibadilika. Lakini tukumbuke 2015. Mei 30 mwaka huo Edward Lowassa, aliyekuwa ameacha uwaziri mkuu miaka saba nyuma, alitangaza nia ya kugombea urais kupitia CCM hapa hapa, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na uwanja ukafurika. Kwenye mbio hizo hizo za CCM alikuwamo Dkt. Mohamed Gharib Bilal, Makamu wa Rais aliyekuwa madarakani. Wangapi wanakumbuka? Wote wawili walikatwa kabla ya tano bora. Lowassa akahamia chama cha upinzani, CHADEMA, na kuondoka na karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima. Bilal akastaafu. Lowassa alikuwa na watu wake, kuanzia jimboni kwake Monduli. Makamu huchaguliwa kwa kura ile ile ya Rais, hana hata moja anayoweza kusema hii ni yangu.

Ruto aliliona hilo mapema. Katiba ya Kenya ya 2010 haimruhusu Rais kumfuta kazi Naibu wake, naye akaitumia nafasi hiyo kujenga chama chake cha UDA akiwa bado ofisini, dhidi ya matakwa ya bosi wake, na Agosti 2022 akashinda kwa asilimia 50.49. Kwetu mgombea binafsi haruhusiwi. Makamu wa CCM apite Kamati Kuu, Halmashauri Kuu na Mkutano Mkuu, ambako mwenyekiti ni Rais yule yule, au ahame chama.

Kisha kuna deni la bosi. Ghana mwaka 2024, Makamu wa Rais Bawumia aliyekuwa akiongoza timu ya uchumi ya serikali alibebeshwa ugumu wote wa maisha, akapata asilimia 41 dhidi ya 56 za Mahama wa upinzani. Marekani, Bush wa 1988 alikuwa Makamu wa kwanza aliye madarakani kuchaguliwa Rais tangu Van Buren, 1836. Makamu waliomfuata kujaribu, Gore na Harris, walikwama.

Nchimbi ana mtaji ambao Bilal hakuwa nao: amekuwa Katibu Mkuu wa CCM, na anayeshika ofisi ile huwajua makatibu wa mikoa na wilaya. Kwenye vikao hiyo ni silaha. Kwa wananchi wa nchi nzima bado hajapimwa, maana karatasi ya kura ya Oktoba 2025 haikuwa na CHADEMA.

Ndiyo maana jicho la mpigakura lingeanzia kwa mgombea mwenza. Julai 2015, mkutano uliompitisha Magufuli kule Dodoma ndio uliotajiwa jina la Samia. Kampeni nzima maswali yalielekezwa kwa Magufuli, na haikupita miaka sita Samia akawa Rais. Wagombea wenza wa 2030 wapandishwe jukwaani peke yao, Moshi, Arusha na kwingineko, waulizwe wao wenyewe watafanya nini na deni la taifa, ajira na Katiba mpya.