Hewa chafu ya kuonjeshwa dakika chache: inatosha?

Mwaka 2017 msanii Michael Pinsky wa Uingereza alisimamisha mahema matano ya duara kule Trondheim, Norway, akayaunganisha ukitoka moja unaingia lingine. Moja lina hewa safi ya kisiwa cha Tautra hukohuko Norway, mengine London, New Delhi, São Paulo na Beijing, yaani harufu na ukungu wa kila mji umetengenezwa humo ndani kwa mchanganyiko usiodhuru. Kazi inaitwa Pollution Pods.

Mi naikubali, na sababu ni moja tu, hewa haionekani, ukimwambia mtu kuna chembechembe ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele anaitikia tu basi, ila mwingize hema la Delhi uone, pua inakataa kabla kichwa hakijawaza chochote. Msanii mwingine, Olafur Eliasson, aliweka jua la taa na ukungu pale Tate Modern, jumba la sanaa London, 2003, watu zaidi ya milioni 2 wakaenda, wengi wakalala chini wakilitazama, lakini pale walistarehe. Kwa Pinsky hakuna wa kustarehe.

Sasa wanaopinga nao wana hoja. Ukitoka umetoka, mtu wa Delhi yeye hana mlango wa kutokea. Halafu watafiti wa saikolojia waliwahoji wageni kule Trondheim, nia ya kubadilika ilipanda kidogo, ila walipopewa nafasi ya kufuatilia uchafuzi wao wenyewe baadaye hawakuitumia.

Kinachonisumbua zaidi mimi ni hiyo harufu yenyewe. Inamfundisha mtu kwamba hewa mbaya lazima inuke, wakati kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu hata kidogo, na sisi wa majiko ya mkaa tunalijua hili kwa uchungu, usiku wa baridi watu wanaingiza jiko chumbani wanafunga dirisha wanalala, moshi umeshaisha, mkaa umewaka mwekundu vizuri, kila kitu kinaonekana shwari na asubuhi hawaamki.

Kwa hiyo bado niko upande wa Pinsky, ila ningetamani kuwe na hema la sita, halina harufu wala ukungu, kuna mkeka tu na dirisha lililofungwa, na ukutani namba zilizopimwa kwenye chumba halisi chenye jiko la mkaa zinapanda taratibu wakati we umekaa hapo husikii chochote.