Deni Lisilo na Riba la Uingereza na Daftari la Duka la Kisauni

Mpwa wangu aliyeko Kisauni, Mombasa, ameniuliza kwa nini wazee wa nyumbani wanaliogopa deni ilhali mimi, huku Leicester, nalitumia kuongeza akiba. Swali lake ni la haki, nami naona halijibiwi vizuri na sisi tulio ughaibuni, ambao hupenda kusifu faida na kunyamazia masharti yake.

Benki za Uingereza hutoa kadi za mkopo ambazo kwa muda maalumu, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi, hazitozi riba kwenye manunuzi. Mwenye nidhamu hulipia chakula na nauli kwa kadi, akauacha mshahara wake kwenye akaunti ya akiba, akalipa kila mwezi kile kiwango cha chini kinachodaiwa, kisha akalimaliza deni lote kabla muda haujakwisha. Anayetumia pauni 500 kwa mwezi kwa miezi 18, akiba ikimlipa asilimia 4 kwa mwaka, hubaki na faida ya pauni 250 hivi au pungufu. Wakati riba ya Benki Kuu ya Uingereza, ambayo riba za akiba huifuata, ilipokuwa asilimia 0.1, mwaka 2021, jambo hili halikuwa na maana. Ilipofika asilimia 5.25 mwaka 2023, watu wengi wakalikumbuka.

Mimi mwenyewe nilikuja mazikoni Mombasa nikasahau malipo ya mwezi mmoja tu. Niliporudi nilikuta barua mlangoni: faini ya pauni 12, na ofa ya kutotozwa riba imefutwa, deni lote la pauni 3,800 likianza kutozwa riba ya zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Nililimaliza siku ileile kwa sababu fedha zilikuwa bado kwenye akiba. Aliyekwisha kuzitumia angefanya nini? Naamini kabisa kwamba ile riba sifuri ya wachache inalipiwa na wale wanaoteleza, na wengi wao ni watu wa kipato kidogo.

Nyumbani mkopo ulio karibu na mkono wa kijana ni wa simu. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, ilianza mwaka 2012 ikitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, kiwango ambacho mtu akikopa kila mwezi hufikia asilimia 90 kwa mwaka. Nayo Fuliza, inayomruhusu mtu kulipa kwa M-Pesa hata salio lisipotosha, huhesabu ada kwa kila siku deni linapokaa. Hakuna akaunti ya akiba inayoweza kushinda gharama hizo, kwa hiyo anayekopa huko ili aweke akiba anajipunguzia mali yake. Zaidi ya hayo, kwa majirani zetu wengi Waislamu riba ya akiba ni riba vilevile, na hapo mjadala umekwisha.

Hata hivyo Kisauni tulikuwa na deni lisilo na riba. Mwenye duka alikuwa na daftari lenye jalada jeusi, na chini ya jina la mama aliandika kwa kalamu ya risasi: unga kilo mbili, mafuta ya taa nusu lita, sabuni kipande. Mwisho wa mwezi mama alilipa, na mstari ukapigwa juu ya kila kitu mbele ya macho yake. Laiti mama angezishika zile fedha ili zimzalie, duka lisingepata mtaji wa kwenda kununua bidhaa soko la Kongowea, na sisi sote mtaani tungekosa unga. Benki ya huku inakukopesha ikitarajia usahau. Yule mzee alimkopesha mama kwa sababu alimjua yeye na watoto wake.

Nimemjibu mpwa wangu kwamba alipe Fuliza kwanza, kwa kuwa shilingi inayoondoa deni la namna hiyo inamwokolea zaidi ya ile ambayo akiba yoyote ingemlipa. Kisha aulize dukani kama jina lake limo daftarini, alimalize na deni hilo.