Maji Yamejaa Mgongoni

Sawa. Kwa kuwa rafiki yangu mmoja (tulikuwa marafiki) amesharusha ile video yangu ya sekunde 11 ya kwenye maonyesho ya sanaa kwenye kila grupu la Bagamoyo, acheni niseme mwenyewe. Kwanza, ile kanzu si yangu. Ni ya mjomba.

Kazi niliyoonyesha ilikuwa picha ya ufuko wa Kaole, maji yamekupwa: matope, mizizi ya mikoko, ngalawa imelala ubavu. Nikaichapisha kubwa, nyeusi na nyeupe, kisha juu yake nikachora kwa mkono, kwa wino wa chupa, mstari mmoja mnene: pale maji yanapofika yakijaa. Bahari haipo, mstari upo. Wazo ndiyo sanaa yenyewe. (Msinicheke bado, cha kuchekwa kinakuja.)

Fundi aliniuliza, "Glosi au mati?" Nikasema glosi, ing'ae. Kumbe glosi ina utando kama plastiki, wino hauzami, unaelea juu kama mafuta kwenye supu ya samaki. Weka na unyevu wa pwani. Asubuhi nikagusa ncha ya mstari, pale ulipo mwembamba. Pakavu. Nikaridhika!

Basi nimesimama mbele ya watu, kanzu inameta, nawaeleza habari za Christo, yule msanii aliyekuwa akichora kazi zake juu ya picha za mandhari kabla ya kuzijenga. Mwaka 1976, yeye na mkewe Jeanne-Claude wakasimamisha uzio wa kitambaa, kilomita 39 hivi, ukapanda na kushuka vilima vya California. Watu kimya. Nikanogewa. Nikaegemea.

Nikahisi ubaridi chini ya bega la kushoto, kama mtu kanibandika jani la mgomba lenye umande. Nikadhani upepo wa bahari. Na kwa joto lile, wallahi, ulikuwa mtamu, nikausogelea zaidi. Nikajisugua kidogo. Kushoto. Kulia. Huku nasema, "uzio ule ukateremka mpaka ukaingia baharini."

Nikageuka kuwaonyesha mstari wangu.

Haupo. Yaani kuna wingu la kijivu, na ngalawa imeota masharubu. Nyuma yangu mtu akapaliwa na juisi. Mzee mmoja nahodha, aliyekuwa mbele kabisa, akasema taratibu, bila hata kucheka, "Mwanangu, maji yamejaa mgongoni."

Hapo ndipo video inapoanzia. Yale ya California, yule rafiki hakurekodi!

Yaliyofuata ni ndimu, chumvi, dawa ya madoa, doa likageuka zambarau. Mgeni mmoja akauliza bei. Ya kanzu. Nikakaribia kuiuza.

Mjomba kapiga simu mara tatu. Leo Alhamisi. Mwenye kanzu namba 58, nyeupe, ya kuazima mpaka kesho baada ya swala, anitafute. Sitaegemea kitu.