Kuifikia kompyuta ya ofisini ukiwa mbali: ufunguo ushike wewe au kampuni?

Ofisi ndogo ya uhasibu ina kompyuta tano. Programu ya hesabu iko kwenye moja, na mhasibu anataka kuitumia akiwa nyumbani. Hapo mafundi hugawanyika. Wapo wasemao weka AnyDesk au TeamViewer, programu za kampuni za kuendesha kompyuta kutoka mbali, dakika kumi kazi imekwisha. Wengine wanasema jenga VPN yako, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, kwa nini ufunguo wako akae nao mtu baki?

Kwanza tuiondoe njia ya tatu, ya kufungua poti (mlango wa mtandao) 3389 kwenye ruta na kuielekeza moja kwa moja kwenye Remote Desktop, huduma ya Windows ya kuitumia kompyuta kutoka mbali. Hiyo usiifanye. Roboti zinazunguka intaneti muda wote zikiitafuta poti hiyo na kubahatisha nywila, na nywila ngumu haikuokoi kila mara: tobo la BlueKeep, lililotangazwa Mei 2019, halikuhitaji nywila kabisa. Lilikuwa baya kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, iliyokwisha kuachwa tangu 2014. Ukihamisha poti kutoka 3389 kwenda 50000 utapunguza usumbufu tu, tobo liko palepale.

Wanaotetea programu za kampuni wana hoja nzito: intaneti zetu nyingi, hasa za laini ya simu, hazina anwani ya IP ya umma. Fungua ukurasa wa ruta utazame anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hata ukifungua poti hakuna atakayeifikia kutoka nje. AnyDesk na wenzake hawajali hilo. Kompyuta yenyewe ndiyo inayopiga hodi kwenye seva ya kampuni, kisha pande mbili zinakutanishwa.

Ila hapo umemwamini mtu. Februari 2024 AnyDesk ilitangaza kwamba seva zake zimeingiliwa, ikafuta vyeti na nywila za tovuti yake. Juni mwaka huohuo TeamViewer nayo ilikiri mtandao wake wa ndani umedukuliwa, ingawa ilisema mfumo wa wateja haukuguswa. Tena toleo la bure ni la matumizi binafsi. Ofisi ikilitumia, muunganisho unaweza kukatwa katikati ya kazi.

Upande wa pili, WireGuard, programu ya kujengea VPN, imekuwa ndani ya kiini cha Linux tangu toleo 5.6 la Machi 2020. Asiye na ufunguo hajibiwi chochote, kwa hiyo anayepekua poti 51820 ya UDP anakutana na ukimya. Kama huna IP ya umma, unakodi seva ndogo ya Linux yenye IP hiyo, pande mbili zikutanie hapo. RAM ya GB 1 inatosha. Kwenye mipangilio ya WireGuard, kompyuta ya ofisi iwekewe `PersistentKeepalive = 25`, itume ishara kila sekunde 25 ili ruta isiisahau njia. Kwa mhasibu, `AllowedIPs` (anwani zinazopitia VPN) iwe anwani ya kompyuta ile tu, mfano `10.8.0.2/32`, akiandika `0.0.0.0/0`, hata video zake zitapitia seva uliyokodi. Kosa la kawaida ni kusahau `net.ipv4.ip_forward=1`, ruhusa ya kupitisha mawasiliano ya wengine, kwenye seva: kila upande unaongea na seva vizuri, lakini wenyewe kwa wenyewe hawaonani. VPN ikishaunganika, mhasibu anafungua Remote Desktop ndani yake. Na kumbuka Windows Home haiipokei, tumia Pro.

Kuna hitilafu moja inayowasumbua hata wazoefu. Umeme unakatika, kompyuta inawaka tena, intaneti ipo, VPN haitaki. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa, saa imerudi miaka nyuma, na WireGuard hukataa salamu yenye muda wa zamani kuliko ya mwisho iliyoipokea, ikidhani ni pakti iliyonaswa na kurudiwa. Rekebisha saa, badilisha betri.

Seva ya kukodi nayo ni mlango. Unaiingia kwa SSH, na ni vyema kuzima kuingia kwa nywila. Ukiandika `PasswordAuthentication no` kwenye `sshd_config`, faili la mipangilio ya SSH kwenye Ubuntu, faili jingine `50-cloud-init.conf` linaweza kuwa limeshasema `yes`, na SSH hufuata neno la kwanza. Hakikisha kwa `sudo sshd -T | grep passwordauth`, na usifunge dirisha ulilomo kabla ya kujaribu kuingia kwa dirisha jingine.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa ofisi huwa: nani atasasisha seva hiyo kila mwezi? Kama yupo, WireGuard. Kama fundi huitwa mambo yakiharibika tu, afadhali programu ya kampuni yenye leseni, uthibitisho wa hatua mbili, na orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuingia. Huduma iitwayo Tailscale iko katikati: inatumia WireGuard, ufunguo wa siri haubanduki kwenye kifaa chako, na haidai IP ya umma, ila kampuni ndiyo inayotambulisha nani ni nani.

Vyovyote utakavyochagua, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao mama) uweke kompyuta ijiwashe umeme ukirudi, na uzime hali ya kulala. Mashine iliyolala haifikiwi kwa njia yoyote kati ya hizi.