Usikate Nguo Inayovalika

Ukitaka mapambo ya Krismasi kwenye soko la Kongowea, Mombasa, usiende asubuhi. Asubuhi ni ya wanaovizia robota la mitumba likifunguliwa, wachague kamera, zile nguo safi zinazoondoka kabla jua halijapanda. Nenda saa kumi na moja jioni. Muuzaji ameshachoka kukunja, nguo zimebaki lundo moja juu ya gunia, na sauti imemkauka: "Mbao! Mbao! Chagua mbao!" Hapo kwa shilingi 20 unapata shati lenye doa la wino mfukoni, shuka lililochanika katikati, pazia ambalo mwenzake alipotelea njiani. Mimi huenda kutafuta hicho kilichokataliwa na kila mtu tangu asubuhi.

Nasema hivi kwa sababu kila ikifika Novemba simu zetu hujaa video za mapambo ya mtumba. Mtu ananunua sweta zima, zuri, analiweka mezani na kulipitisha mkasi katikati atengeneze soksi ya kutundika ukutani. Wengi wa wanaorekodi video hizo wako Ulaya na Marekani, ambako sweta kama hilo limetolewa bure kwenye duka la hisani, na lisiponunuliwa huenda likafungwa kwenye robota na kupakiwa meli. Huku kwetu ndiko linakoshuka. Kontena likifunguliwa, hilo sweta ni nguo ya mtu, na mtumba ndio duka letu la nguo. Tulipofungiwa uingizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti 2020, kila nyumba ninayoijua ililisikia pengo hilo.

Nami nimewahi kulikosea hili. Mwaka mmoja nilinunua sweta la kijani, nene, lisilo na tobo hata moja, nikalikata vipande vya nyota. Mzee anayelinda ploti ya pili alipita akavikuta barazani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akainua mkono mmoja wa sweta uliokuwa bado mzima, akaupima kwenye mkono wake. "Mama, hili lilikuwa halijamalizika," akasema. Hakusema kwa ubaya. Watu hudhani Mombasa hakuna baridi, lakini anayekesha nje Julai, upepo wa kusi unavuma na manyunyu yanapiga, anajua thamani ya sweta. Nyota zile nilizitundika mwaka huo, na kila nikizitazama nilikuwa naona ule mkono.

Tangu hapo nina sharti moja. Kabla ya mkasi, naishika nguo mbele ya mwangaza na kujiuliza kama kuna mtu angeivaa ikishafuliwa na kutiwa kiraka. Akiwepo, siigusi. Na kilichoharibika kweli hakikosekani, wala si duni.

Chukua shati la mwanamume. Kola imelika, kwapani pameingia manjano isiyotoka kwa sabuni yoyote, lakini geuza uone mgongo: kitambaa kizima, laini, kimeshafuliwa mara nyingi hata hakitanywea tena. Mgongo mmoja hunipa pembetatu 12 za upana wa sentimita 15 bila kubana. Mashati matatu ya mistari na shuka moja la maua, umepata vibendera vya kuzunguka sebule. Pindo la juu nalipiga bandi kwa mkono kwenye utepe nilioukata kutoka shuka hilohilo. Vifungo huwa naving'oa kwanza na kuvitia kwenye mkebe, maana ndivyo vitakavyokuwa macho ya samaki na ndege wa kutundika. Tumboni mwa ndege hao sitii pamba ya dukani. Natia vile vipande vidogo vilivyobaki, au sufi ya msufi nikiipata, ileile tuliyolalia kwenye mito ya bibi.

Sweta lililotobokatoboka lina njia yake. Vuta uzi mmoja uuchome kwa kiberiti, juu ya sahani. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole, hiyo ni sufu ya kondoo. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni akriliki au poliesta. Ya kondoo itie kwenye maji ya moto na sabuni, uifikiche kwa nguvu. Nyuzi hushikamana, nguo hunywea na kuwa nzito kama blanketi, na ukiikata haifumuki. Nyota yake haihitaji hata kushonwa ukingo. Akriliki hata uichemshe siku nzima haitashikamana hivyo, kwa hiyo naifumua tu na kutumia uzi wake.

Na mti wetu nao unataka mapambo ya kitambaa. Wengi hapa Pwani tunakata tawi la mvinje, mti uleule ambao René Haller, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, aliuotesha kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi miaka ya mwanzo ya 1970, ukakua juu ya mwamba ambako karibu kila kitu kingine kilishindwa. Kwa ardhi ni mti shupavu, lakini vijitawi vyake ni vyembamba kama nywele. Ukitundika tufe la kioo, kijitawi kinainama hadi tufe linateleza na kuvunjika sakafuni. Ndege wa kitambaa hukaa. (Mishumaa usiiwashe karibu nao kabisa, mvinje hushika moto hata ukiwa mbichi.)

Tundika kwa uzi wa pamba au katani. Waya mwembamba hupata kutu upesi kwa hewa yetu ya chumvi, na kutu hiyo hutia doa kitambaa ulichokishughulikia wiki nzima. Zile kamba za plastiki zinazometameta ndizo sizitaki nyumbani mwangu hata kwa zawadi. Zinapukutika, vipande vinafagiwa hadi mtaroni, na mitaro ya kisiwa hiki mwisho wake ni baharini. Tuliacha mifuko ya plastiki Agosti 2017, na tukaweza. Sioni kwa nini kila Desemba tuilipie plastiki nyingine kwa kuwa imepakwa rangi ya fedha.

Kitambaa hakina dini pia. Vibendera vyangu havina maandishi wala sura ya mzee mwenye ndevu, na sikuvishona hivyo kwa bahati. Jirani yangu wa mlango wa pili huviazima Ramadhani ikielekea ukingoni, avitundike barazani kwake kwa ajili ya Idd. Kwa hesabu ya kalenda, Idd ya mwishoni mwa 2033 itaangukia wiki ya Krismasi, mwezi ukiandama, na tumeshaanza kuulizana vitakaa kwa nani.

Mwaka huu alivirudisha vimefuliwa na kupigwa pasi. Nilipovihesabu nikakuta vimezidi viwili. Alikuwa amekata pindo la leso yake iliyochanika, nyekundu na nyeusi, akavishonea mwishoni mwa utepe, kwa bandi ndogo kuliko zangu.